Kufunga Chambo katika Kamba ya Kaa

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wazee, walimu na vijana wa Newala na Masasi)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalicheka, nalo ni namna ya kufunga chambo katika kamba ya kukamatia kaa. Najua yuko anayejiuliza, "Karani huyu amepatwa na nini? Sisi twakaa juu ya mlima, bahari iko mbali, na hapa hata kijito hakuna." Ni kweli. Uwanda wetu wa Makonde ni nchi ya mchanga, hunywa mvua yote wala maji hayasimami juu yake. Karl Weule, msafiri wa Kidachi aliyepita Masasi akapanda mpaka Newala mwaka 1906, aliandika habari ya shida hiyo ya maji, na wazee waliopo hapa hawana haja ya kuisoma kitabuni, maana mama zao walishuka mabondeni na mitungi kichwani. Basi si ajabu kwamba mtoto aliyezaliwa huku juu aweza kukua hata akaota ndevu asijue kuogelea, wala asijue kwa nini bahari hujaa asubuhi ikapwa mchana.

Lakini siku hizi twashuka pwani mara nyingi kuliko baba zetu. Korosho zikisha kuuzwa, wako walimu wawachukuao wanafunzi kwenda kuitazama bahari Mikindani, Mtwara na Msimbati. Vijana wengi wamepata kazi mjini Mtwara, na ndugu huwafuata kuwaamkia. Wafikapo huko hutaka kuonja michezo ya watu wa pwani, na mmojawapo, wenye kupendeza sana, ni kutega kaa. Hapo ndipo mtu wa bara huumia, na hapo ndipo kaa nao huharibiwa bure.

Kaa ninayemnena ni kaa koko, yule mkubwa akaaye katika tope la mikoko, mwenye magando mazito. Mkubwa wao hupita kilo 2, na gando lake laweza kuvunja kidole cha mtu. Wenyeji wazoefu huwatoa mashimoni maji yakiisha kupwa, kwa fimbo ya chuma iliyopindwa ncha. Kazi hiyo ina ujuzi wake. Mgeni akiijaribu huzama tope hadi mapajani, hubomoa shimo, hukata mizizi ya mikoko, na kaa hutoka amevunjika gando au ametobolewa gamba. Tena mvutaji hajui anamvuta nani: dume au jike, mkubwa au mtoto. Akisha kumjua amekwisha kumuumiza. Iko na njia ya dema, ambayo ni nzuri, ila dema yataka msukaji, nayo haichukuliki katika basi lililojaa wanafunzi.

Njia ninayoiona inamfaa mgeni aliyekuja kujifurahisha ni kamba ya chambo isiyo na ndoana. Nasema tena, isiyo na ndoana hata moja. Msidhani ni ule mshipi mrefu wa ndoana nyingi wautumiao wavuvi wa samaki. Hii ni kamba tupu iliyolazwa chini ya maji, na vipande vya nyama vimefungwa juu yake kwa nafasi. Kaa huja, hushika kipande kwa gando, huanza kula. Kamba ikiinuliwa taratibu hakubali kuachia chakula chake, hupanda pamoja nacho mpaka karibu na uso wa maji, na hapo hukingwa kwa wavu wenye mpini. Hakuna kilichomchoma wala kilichomfunga. Ukimtazama ukaona hafai kuchukuliwa, wamrudisha majini mzima kama alivyokuja.

Watu wa Marekani wakaao kando ya ghuba ya Chesapeake hukamata kaa wao wa buluu kwa kamba ya namna hii hii. Wengine huifanya ndiyo kazi yao ya kuwapatia riziki, na wengine, wenye kazi zao za ofisini na viwandani, huifanya siku za mapumziko tu. Kaa wao si kaa wetu, lakini uroho wa kaa ni mmoja dunia nzima. Nimewataja kwa sababu wao wamefikiri sana juu ya chambo. Hutumia nyama ya mkunga iliyotiwa chumvi, hutumia shingo za kuku, na wako watumiao midomo ya ng'ombe. Midomo ya ng'ombe! Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikaona maana yake. Mdomo wa ng'ombe ni ngozi ngumu, hauraruki upesi.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza, ugumu wa chambo. Kaa hali kama samaki, hamezi kipande kizima. Hushika kwa gando moja, huchana kwa jingine, na kupeleka kidogo kidogo kinywani. Ukimfungia dagaa au kibua laini, atachana kipande, arudi nacho kando ya mizizi, na kamba itapanda tupu. Mfungie kitu kinachomchelewesha. Shingo ya kuku ni nzuri mno, kwa sababu ina mfupa wa kulishika fundo na ngozi ya kumshughulisha kaa. Kichwa cha samaki mwenye mifupa migumu chafaa. Nyama ya taa au ya papa pamoja na ngozi yake yafaa. Kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi chenye nyama kidogo chafaa, nacho hakina gharama siku ya karamu. Utumbo wa kuku, ambao vijana huupenda kwa kuwa hutupwa bure, una harufu nzuri ya kuwaita kaa lakini hauna nguvu. Huteleza katika fundo ukapotea.

Ukubwa wa kipande uwe kama urefu wa kidole cha kati. Kikiwa kidogo sana huliwa kabla hujafika. Kikiwa kikubwa sana kaa hushika pembeni, mbali na fundo, akakata sehemu yake akaenda zake. Kata vipande siku moja kabla, uvitie chumvi nyingi ndani ya ndoo yenye kifuniko. Chumvi huikaza nyama na kuizuia isioze, na chumvi kwa bahati njema si kitu cha kutafuta mbali kwa mtu aendaye pwani yetu.

Hapa niseme neno kando. Nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo yetu huuawa, na wako wasemao nyama yao ni chambo kizuri. Huenda ni kizuri. Lakini kamba hii hushikwa na mikono ya watu wengi, nanyi mtaazima mtumbwi na ndoo ya mtu wa Mikindani. Msimtie jirani katika chukizo la dini yake kwa ajili ya mchezo. Kadhalika wako Waislamu wengi wasiokula kaa mwenyewe. Hao wasidhihakiwe, wavute kamba na kufurahi pamoja na wenzao.

Sasa kufunga. Kamba iwe nene kama kalamu ya risasi, kwa maana kamba nyembamba hukata vidole na hujisokota. Zamani ilikuwa ya katani. Ya nailoni ya sasa haiozi, ila huteleza, kwa hiyo mafundo yake yakazwe kwa nguvu zaidi.

Fundo la kwanza ni kitanzi cha kamba yenyewe. Fanya pete katika kamba, kisha kunja sehemu ya kamba iliyo karibu na pete hiyo iwe mara mbili, mfano wa sikio la sungura, ulipitishe sikio hilo ndani ya pete bila kulitoa lote. Umepata kitanzi. Tia chambo ndani yake, kisha uvute kamba mpaka kitanzi kiumane juu ya nyama. Uzuri wa fundo hili ni kwamba chambo ndicho kinacholishikilia. Kamba ikizidi kuvutwa kitanzi huzidi kukaza. Na siku ya kubadili nyama, ukikiondoa chambo, wavuta ncha mbili tu na fundo lajifungua lote, kamba ikawa imenyooka kama mpya. Hapana haja ya kisu wala meno.

Angalia mahali kitanzi kinapouma. Katika shingo ya kuku kiwe katikati, juu ya mfupa, kisiwe juu ya ngozi peke yake. Katika kichwa cha samaki pitisha kamba ndani ya shavu itokee kinywani, ndipo ukaze. Katika ngozi ya mbuzi toboa tundu mbili kwanza, maana ngozi mbichi iliyolowa huteleza kama sabuni. Ukisha kufunga, shika chambo kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, uvute kwa nguvu za mtoto wa miaka 10. Kikitoka mkononi mwako, kwa kaa kitatoka mapema zaidi. Nimeona vijana wakifunga vyambo 20 kwa dakika 5 na kurudi na kamba safi kama ya kuanikia nguo. Akina mama wasukao ukindu huwashinda vijana hao katika kazi hii, kwa sababu vidole vyao vimezoea kukaza kila tendo kabla ya kushika la pili.

Njia nyingine ni vijikamba. Wakata kamba nyembamba, kila kimoja shibiri 1, wafunga mwisho mmoja katika kamba kubwa na mwisho wa pili wafanya kitanzi cha chambo. Kaa huning'inia mbali kidogo na kamba kubwa, kwa hiyo kamba ikipita juu ya ubavu wa mtumbwi yeye hagongwi. Ni njia nzuri kwa mtu mwenye subira. Kwa kundi la wanafunzi siipendi: vijikamba 17 katika ndoo moja, na mikono 30 ikivinyang'anya, huwa kama nywele za mtu aliyelala msituni. Wako pia wafungao chambo ndani ya kipande cha wavu mkuukuu ili kisiraruke. Hudumu sana, ni kweli, lakini miguu ya kaa hunaswa katika matundu ya wavu, na kumnasua ni kumvunja. Faida ya kukosa ndoana yapotea hapo.

Kiasi cha kamba kwa shule ni pima 20. Acha pima 2 kila mwisho bila chambo, zabaki 16. Funga chambo kila baada ya pima 1, utapata vyambo 17. Mwalimu wa hesabu atawauliza watoto kwa nini si 16, nao watajua jibu mbele ya kamba upesi kuliko mbele ya ubao. Kila mwisho funga jiwe la kuzamisha, na kutoka kwenye jiwe kamba ya kupanda juu yenye boya. Dumu tupu lililofungwa kifuniko latosha.

Laza kamba sambamba na ukingo wa mikoko, mahali penye maji ya pima 1 hivi, wakati maji yanapoanza kujaa. Wakati huo kaa huacha mashimo kutafuta chakula, nao hupenda giza kuliko mwanga, kwa hiyo alfajiri na jioni hupita mchana. Siku za bamvua mkondo huwa na nguvu, huburuta kamba na kuitupa juu ya mizizi. Siku za maji mafu ni bora kwa mwanafunzi. Ngoja dakika 20. Usiongeze sana, kwa maana chambo huliwa, wala usipunguze, kwa maana harufu yataka muda wa kusafiri ndani ya maji.

Kuinua ni kazi ya watu wawili walio katika mtumbwi, na wa tatu mwenye kupiga kasia pole pole. Wa kwanza huishika kamba na kuipandisha juu ya ubavu wa mtumbwi. Wa pili hukaa mbele yake na wavu. Kamba ikiwa na kaa huhisi uzito unaotetemeka kidogo. Hapo vijana wote hufanya kosa moja, huvuta kwa furaha. Mkamia maji hayanywi. Kaa akiona mwanga mwingi ghafula, au akihisi chakula kinakimbia, huachia na kuzama. Ipandishwe kwa mwendo wa mtu aingiaye mahali pa ibada sala ikiwa imekwisha kuanza. Mwenye wavu asipige kutoka juu. Autie wavu majini mapema, upite chini ya kaa, upande kutoka nyuma yake angali ndani ya maji.

Mgeuze sasa umtazame tumbo, ukimshika kwa nyuma, kwenye miguu ya mwisho iliyo kama makasia, ambako magando hayafiki. Dume ana kifuniko chembamba chenye ncha. Jike aliyekomaa anacho kipana cha mviringo. Kaa jike wa mikoko akiwa tayari kutaga huacha tope akasafiri kwenda bahari kuu, amebeba chini ya tumbo mayai yenye kuhesabiwa kwa mamilioni. Umchukuaye leo hapo mkondoni huenda yu safarini. Huko Queensland katika Australia, ambako yuko kaa wa jamii hii hii yetu, sheria yakataza kabisa kuchukua jike, na dume sharti gamba lake lifike upana wa sentimita 15, yaani nusu ya rula ya shuleni. Mimi ningetaka kila mwalimu apelekaye watoto pwani achukue rula hiyo na kuitumia kwa hiari, na sheria za kwetu amwulize Bwana Samaki wa mahali pale kabla ya kutia kamba majini. Kaa mwenye gamba laini, aliyejivua karibuni, naye arudishwe. Ndani yake ni maji matupu.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Miaka hii wamekuja pwani wachuuzi wanaonunua kaa wakiwa hai, ili wapelekwe ng'ambo, hasa China. Bei yao humvuta kijana. Wengine hununua hata wadogo, wapate kuwanenepesha vizimbani. Mwenye leseni na afanye biashara yake. Lakini mwanafunzi aliyekwenda kutembea akiona fedha ya kaa 1, kesho hutafuta 10, na kesho kutwa ameacha kamba ameshika chuma cha kuchimbia mashimo, achukua mama na mtoto. Watu wa mikoko wamekula kaa wale tangu babu zao. Sisi tuliokuja kwa basi, na kurudi kwa basi, hatuna haki ya kuwaachia tope tupu. Wawili watatu wa kitoweo, wakubwa, madume, watosha kabisa kwa siku moja ya furaha.

Tena si kila maji ni ya mchezo. Eneo la Msimbati na mlango wa Ruvuma limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyowekwa mwaka 2000; humo mtu havui bila kuuliza. Na ninyi mkaao mabondeni chini ya Newala, mkisikia habari hii ya kamba msiipeleke Ruvuma. Najua wako kaa wadogo katika vijito, na mtoto huweza kuwapata kwa mnyoo uliofungwa uzi. Katika kijito chembamba chenye maji ya kifundo cha mguu, sawa. Lakini ukingoni mwa Ruvuma mna mamba, na chambo kinachonuka kilichofungwa kamba ambayo mwisho wake uko mkononi mwa mtoto ni mwaliko ambao sitaki kuusikia umeandikwa katika daftari la vifo. Wazee wenye mamlaka katika vijiji vile walikataze neno hili waziwazi.

Kaa mliyemchukua mfungeni magando kwa ukanda wa mgomba au ukindu uliolowa, mkamtia katika gunia bichi pamoja na majani, kivulini. Akiwa na unyevu aweza kuishi siku kadha nje ya maji, kwa hiyo atafika Newala akiwa hai. Aliyekufa njiani mtupeni, msimpike.

Kamba yenyewe ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ianikwe, ikunjwe katika duara ndani ya ndoo ile ile. Vyambo vilivyobaki vikiwa vizima vinaweza kurudishwa chumvini kwa siku ya pili. Nimefunga kipande cha kamba cha pima 3 chenye mafundo yote niliyoyataja, na vijiti badala ya nyama, nacho kimetundikwa ofisini nyuma ya mlango. Mwalimu yeyote apitaye aweza kukichukua kwa juma 1 akakionyeshe shuleni kwake, mradi aandike jina lake katika daftari na akirudishe.